Foleni ya Wakatoliki

Mimi nimejijenga kwa mikono yangu. Niliacha shule darasa la pili, lakini miaka ile ya sabini nilikuwa na lori mbili na mashini ya kusaga hapa Kanyangi. Kitu kimoja kilinishinda: kumpatia binti yangu Mwende nafasi kwa shule ya Wakatoliki. Huko alikuwa amekuja mwalimu mzungu wa kujitolea, na Mwende alikuwa akimwota kabla hata hajamwona.

Siku ya mwisho ya kuandikisha, mlinzi aliniambia mkuu wa shule, padre, yuko kanisani. Mimi ni wa dhehebu lingine, sikuwa nimewahi kuingia humo. Ndani kulikuwa na ubaridi mtamu, na mwanga wa vioo vya rangi ulielea juu ya viatu vyangu, nikahisi kama ninatembea usingizini. Watu walipanga foleni mbele ya kibanda cha mbao. Waliingia na huzuni, wakatoka wamepoa. Nikajua hiyo ndiyo ofisi.

Zamu yangu ilipofika nilipiga magoti kama wao, nikamwaga sifa zangu kwa sauti ya mtu wa malori.

"Mzee, hapa ni pa kuungama," padre akanong'ona. "Dhambi zako ni zipi?"

"Dhambi sina, Padre. Hata yule mwalimu mzungu ananijua. Juzi alikula mbuzi kwangu, akasema Mwende achukuliwe."

Nilipofungua pazia nitoke, aliyefuata kwenye foleni alikuwa msichana mzungu, rozari mkononi.

"Sasa dhambi unayo, mzee. Mbuzi wako sijamla," akasema kwa Kiswahili safi. "Rudi ndani, nitangoja. Ya Mwende tutaongea ukitoka."