Siku Madoa Alipozama Lamboni

Wiki iliyopita niliingia kusafisha tenki la maji nyumbani kwangu, hapa Geita mjini. Chini kabisa nilikuta tope jeusi, laini, na nilipolichota kwa mkono harufu yake ikanipanda puani mpaka nikakaa humo humo ndani ya tenki. Mume wangu akachungulia, akauliza kama nimejikata. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka ng'ombe. Akacheka, akaniacha na wazimu wangu. Ninyi nikiwasimulia mtanielewa.

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka machimbo ya Rwamgasa. Maji yetu yote, ya watu na ya mifugo, yalitoka kwenye lambo moja. Nilikuwa na miaka tisa mwaka ule ambao vuli ilitudanganya: mvua ilinyesha siku mbili, tukapanda, kisha jua likawaka kama vile hakuna aliyepanda kitu. Mimi naitwa Kabula, jina la mtoto wa kike aliyezaliwa mvua ikinyesha, basi kila niliyepishana naye njiani alinitania, "Kabula, mbona umenuna? Tuitie mvua!" Mwanzoni nilicheka nao. Kufikia Januari hakuna aliyekuwa na hamu ya utani.

Baba mdogo aliwaswaga ng'ombe wetu kwenda mbali kutafuta malisho. Akabaki Madoa peke yake, kwa kuwa ndiyo kwanza alikuwa amezaa. Na tulimhitaji, jamani! Mama maziwa yalikuwa yamemkauka kwa njaa, na mdogo wangu Ng'washi, mtoto wa miezi minne, aliishi kwa maziwa ya Madoa. Madoa akifa, Ng'washi angekunywa nini? Swali hilo kila mtu nyumbani alilijua, hata mimi.

Lambo lilipopungua, wazee walizungushia miiba pale katikati palipobaki maji. Unachota kwa ndoo, unamletea ng'ombe wako ukingoni. Wachimbaji wao walipigwa marufuku kabisa, maana ilisemekana wanayamaliza maji kwa kuoshea mchanga wao wa dhahabu. Baba ndiye aliyepaza sauti kuliko wote mkutanoni. Na siku alipowakuta vijana watatu wa machimboni wakijaza madumu, aliyatoboa kwa mkuki, moja baada ya jingine. Nilikuwepo. Nilijivunia baba yangu, nikawasimulia wenzangu wiki nzima.

Sasa kosa langu. Mchana mmoja, jua limekaza, nilichoka kubeba ndoo. Ng'ombe mmoja, ndoo sita! Nikajisemea, kwani Madoa hana miguu? Nikavuta tawi moja la miiba, akapita. Alikwenda hatua nne, tano, kisha miguu ya mbele ikatoweka, na ya nyuma ikafuata. Hakulia. Alinitazama tu, tope likiwa limemfika tumboni.

Nililia mimi kwa niaba yake. Baba alikuja mbio na majirani, wakamfunga kamba kwenye pembe na shingo, wakavuta. Kadiri walivyovuta ndivyo ulimi ulivyozidi kumtoka, na tope halikumwachia hata kidogo. Jirani mmoja akasema taratibu kwamba bora achinjwe pale pale, angalau nyama isipotee. Baba akatuma kisu kiletwe.

Mama alifika wakati mmoja na kisu hicho, Ng'washi akiwa mgongoni. Akanigeukia. "Kabula, kimbia machimboni. Waambie waje na winchi yao."

"Watanicheka, Mama Kabula," baba alisema.

"Wakucheke. Mtoto anywe."

Nilikimbia. Niliwakuta wamekaa chini ya turubai, karibu na duara lao, lile shimo wanaloshukia kufuata dhahabu, winchi ya kuvutia mizigo imesimikwa juu yake. "Shikamooni," nikasema huku nahema. Mkubwa wao, Hamisi, mtu wa Kigoma, akaitikia, kisha akanikazia macho. "We si mtoto wa yule bwana wa mkuki?" Wenzake wakaguna. Nikajua hawaji. Nikayamwaga yote kwa mkupuo: ng'ombe, tope, Ng'washi, kisu. Hamisi akasimama, akajipangusa suruali.

"Ng'oeni winchi," akasema.

Walipofika, jambo la kwanza walifungua kamba ya shingoni. "Mtu akifukiwa na kifusi hatumvuti," Hamisi alimwambia baba. "Ukimvuta unamkata. Tunamchimba kwanza." Wakaingia topeni wakilalia mbao, wakamchimba Madoa kwa karai na kwa mikono, mguu mmoja mmoja. Baba naye akavua shati, akaingia. Ndipo wakamzungushia magunia kifuani, wakafunga kamba juu yake, wakasimika winchi ukingoni na kuanza kuizungusha wakiimba. Tope lilimng'ang'ania, likamng'ang'ania, mwishowe likamwachia, Madoa akaja akiburuta tumbo kama mtoto anayegoma kwenda shule.

Alilala pale muda mrefu mpaka mama akaanza kuomba kwa sauti. Kisha Madoa akainuka, akayumba, akasimama, akakojoa. Loo! Sijawahi kuona watu wazima wakishangilia mkojo namna ile. Mama alicheka na kulia kwa pamoja, "Wabeja, wabeja sana," akiwashukuru wachimbaji kwa Kisukuma na kuwashika mikono yao yenye tope, mmoja mmoja.

Baba akawachotea ndoo ya maji. Hamisi akanywa bakuli moja, akaomba la pili, akaomba la tatu. Wenzake vivyo hivyo. Walikunywa wamefumba macho. Nikawaza, kumbe kuzungusha winchi kunachosha hivi! Baba aliwatazama mpaka ndoo ikaisha, kisha akageuza uso. Nilidhani ananikasirikia mimi, nikajua jioni ile fimbo ni yangu. Haikuja. Alidhani Madoa alipenya miiba mwenyewe, na habari ya lile tawi sijamwambia mpaka leo. Nanyi mninyamazie.

Kesho yake baba alifunga madumu mawili ya maji kwenye baiskeli, akaelekea machimboni. Akafanya hivyo kila asubuhi, kutoka kwenye mgao wetu sisi, mpaka masika yalipoanza. Moyoni nilimwona mjinga.

Nilipokuwa binti mkubwa nilikwenda kuuza chakula kule machimboni. Hapo nikaona kwa macho yangu kwamba mchanga walikuwa wakiuosha kwa maji yanayovutwa kutoka ndani ya duara, mekundu, machungu. Ya kunywa ndiyo waliyotafuta kwa madumu. Basi wale watu walikuwa na kiu kwa sababu ya mkuki wa baba yangu, na nilipokwenda kuwaita waliinuka wakaja.

Mwaka jana nilimuuliza baba alijua lini kuhusu kiu yao. Sasa ni mzee, hasemi mengi.

"Walipoomba bakuli la tatu," akasema. "Mtu aliyechoka hunywa mawili."