Vidonge vya Aciro

Aciro hupiga pasi sare za askari kwenye kambi ya polisi, ng'ambo ya Ntinda, kwa pasi ya makaa. Ukipita asubuhi utamkuta ndani ya mvuke, kama mtu aliyesimama katika wingu, redio yake ndogo ikinong'ona kando ya beseni.

Ni katika mvuke huo alipoisikia habari. Daktari wa nchi za mbali alisema kuna steroidi moja, dawa ya kutengenezwa na watu, iliyozuia kansa ya matiti kwa panya. Aciro akaiweka pasi chini. Kansa hiyo ilimchukua mama yake, ikamchukua na dada yake Aryemo, na yeye sasa anaukaribia umri aliofia Aryemo. Neno panya likampita kama upepo. Lililobaki ni steroidi.

Akaenda mpaka Nateete, upande wa pili wa jiji, kwa Emérence, Mkongo anayeuza vidonge vya kunenepesha, akamuuliza kama anazo. Emérence akacheka: si ndizo hizi, dada, mashavu yote ya mjini yanatoka kwangu.

Basi akameza. Usingizi ukamkimbia, akawa anaota macho wazi. Alinisimulia mimi jirani yake kwamba alimwona mama yake upande wa pili wa mvuke, akikunja mashati. Uso wake Aciro ukawa wa mviringo kama mwezi. Majirani wakampongeza, mumewe Okwera akatamba kazini kwamba anajua kulisha mke. Hata mimi mzee nilimwambia amependeza.

Kisha miguu ikavimba, na Okwera akampeleka zahanati. Sista Nabangala akauliza anameza nini. Aciro akavitoa vile vidonge kwa fahari.

"Ni vya kuzuia kansa, sista. Redio imesema."

Nabangala hakumcheka. "Mama, steroidi ni ukoo mkubwa. Huyu uliyemkaribisha kwako, anayevimbisha uso na miguu, siye yule wa redio. Yule bado yuko kwa panya, kwa watu hatujamjua vizuri."

Akamwonya asiviache ghafla, kwa kuwa mwili umeshavizoea; watavipunguza polepole, pamoja na daktari.

"Sasa mimi nangoja nini?" Aciro akauliza.

"Usingoje. Panda kitandani nikuguse matiti."

Vidole vya sista vikapita taratibu, kama vinatafuta punje ya mchele katika unga. Hakukuwa na kitu. Hata hivyo, akasema, kwa ukoo kama wake lazima apigwe picha ya matiti, na awe anarudi.

Aciro hakuinuka. Akaomba aguswe tena upande wa kushoto, pale kansa ya mama yake ilipoanzia. Nabangala akagusa tena.