Ufizi wa Mpiga Tarumbeta

Daktari mmoja wa meno wa Tabora, mwanamke, husema kila jambo kwa sauti ile ile anayoagizia chai. "Nachoma ganzi, baba. Nakata kinyama kidogo kaakaani, baba. Nakishonea hapa mbele, ufizi ulipopanda ukaacha mzizi wa jino wazi." Mikono yake ni midogo, na kila akifunga fundo huinamisha kichwa kama fundi cherehani anayekagua pindo. Elieza, mpiga tarumbeta wa kanisa la Wamoraviani, ambao huipokea alfajiri ya Pasaka makaburini kwa tarumbeta, alikuwa na swali moja tu: Pasaka atapiga? Daktari hakuahidi. Kabla ya kushona alimwagiza alete kile kipande cha tarumbeta cha kupulizia, akakibandika mdomoni mwa Elieza aone kinakandamiza wapi. Baada ya kushona akamkataza kupuliza chochote, hata chai ya moto.

Wiki ya Pasaka ilipofika, daktari alimwambia apulize tarumbeta, kisha akamfunua mdomo akamulika tochi. "Ufizi umeshika."

"Na sauti je, daktari?"

"Sauti kamuulize mchungaji."

Alfajiri ya Pasaka, makaburini, Elieza alimwona daktari nyuma ya waumini, mtandio kichwani, ingawa hakuwa wa kanisa lao. Tarumbeta ilitoa sauti safi tangu mwanzo. Watu waliinamisha vichwa, wengine wakiwalilia wafu wao. Daktari peke yake alinyoosha shingo, akiutazama mdomo wa Elieza mpaka wimbo ukaisha. Kisha akaupandisha mdomo wake wa juu kwa kidole, akasubiri. Elieza akashusha tarumbeta na, mbele ya kanisa zima, akaupandisha wa kwake.