Pua ya Malkia wa Krekeldonk

Nol Verbakel aliingia kazini kwenye bustani ya michezo ya Krekeldonk akiwa na miaka kumi na tisa, kwa kibarua cha wiki mbili cha kuokota makaratasi ya pipi, akatoka akiwa na sitini na mitatu. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba zile wiki mbili zilikwisha.

Huku kwetu Brabant, kusini mwa nchi, mtoto asiyepelekwa Krekeldonk walau mara moja kwa mwaka huonewa huruma shuleni. Siku hizi bustani ina treni za kupinduka kichwa chini miguu juu, lakini watu wazima hupenda kwenda kule nyuma kwenye misonobari, liliko Kasri la Malkia Aliyemeza Mwezi. Unaingia kwa mlango mmoja, unapita vyumba saba vyenye kigizagiza, na sanamu zinakusimulia: malkia mchoyo kaumeza mwezi usimwangazie mtu mwingine, nchi imeingia kiza, raia wanamchekesha, wanamtekenya, wanamning'iniza kichwa chini, wapi. Katika chumba cha saba kipanya kimoja kinammwagia pilipili, malkia anapiga chafya, mwezi unaruka hadi darini na watoto wanapiga kelele. Kisha unatoka kwa mlango wa pili na kumkuta muuza chipsi.

Chafya ile ilikuwa kazi ya Nol. Mashine ya mwanzo, ya mwaka 1961, ilikufa zamani. Nol akafunga pampu ya kukamulia ng'ombe aliyoiomba kwa kaka yake, na tangu hapo malkia akawa anapiga chafya kama ndama. Kila kilichoharibika alikitengeneza vivyo hivyo, kwa kilichokuwepo. Gundi ya bafuni, rangi ya gari. Meno ya bandia ya marehemu mjomba wake yaliingia kinywani mwa waziri mkuu, yakamkaa vizuri kuliko yalivyomkaa mjomba. Na kila majira ya baridi, bustani ikifungwa, alimpaka malkia uso upya, maana unyevu ulikuwa ukimbambua.

Mkewe, Wies, alikata tiketi kwenye geti kuu miaka ishirini na minane, na hakuwahi kutia mguu kasrini. Aliogopa panya, na kasri, ukimwacha yule wa sanamu, lilikuwa nao wa kweli. Alikuwa mwanamke mwenye kauli na mwenye mashavu, na pua yake ukishaiona mara moja huisahau. Mara nyingi watu waliotoka kasrini walipita dirishani kwake, wakamkodolea macho, wakapigana viwiko na kucheka. Wies aliamini wanaicheka kofia ya kazini.

Miaka miwili baada ya Nol kustaafu, mkurugenzi mpya, Bwana Lommers, alilifunga kasri ili lirudishwe lilivyokuwa siku ya kwanza. Akamleta mtaalamu kutoka Frisia, kaskazini, Imke Terpstra, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwembamba, aliyezoea kurekebisha sanamu za watakatifu makanisani. Kwa kuwa ramani ya nyaya ilikuwa kichwani mwa Nol na si penginepo, Nol naye akaitwa, siku tatu kwa wiki. Akaja na chupa yake ya kahawa na mikate sita ya soseji.

"Bwana Verbakel," Imke alimwita asubuhi ya kwanza.

"Niite Nol. Bwana Verbakel alikuwa baba, na amekufa."

"Haya, Mzee Nol. Huyu waziri mkuu ana meno ya mtu."

"Ya mjomba Tinus."

"Na mwenyewe anajua?"

"Hajawahi kulalamika."

Imke akaandika. Aliandika kila kitu, na uso wake haukuonyesha lolote, hata Nol akaanza kuhisi yuko kwa polisi.

Wiki ya pili akamfikia malkia. Alipanda jukwaa na kisu kidogo kama cha daktari wa upasuaji, vijiti vya pamba na dawa ya kulainisha rangi, akafungua vidirisha vidogo vidogo usoni, tabaka moja baada ya jingine, huku akipiga picha. Nol alikaa chini, akijifanya anapima nyaya. Alikuwa amezipima nyaya zile zile mara tatu.

"Mzee Nol, yamesalia matabaka kumi na manane, mengine unyevu umeyala. Na kila tabaka lina sura yake. Hapa, la saba, ana masharubu."

Nol akakohoa. "Unyevu huo."

"Unyevu hausokoti ncha."

Nol akamimina kahawa, akaitazama, hakuinywa.

"Ni mwaka gani?" Imke akauliza.

"Tisini na tatu."

"Una uhakika gani?"

"Ndio mwaka Wies aliouza njiwa wangu wa mashindano."

Basi ikabidi aseme. Mwaka sabini na tisa boriti ilianguka ikaondoka na pua ya malkia. Nol, kijana wa miaka ishirini na mitatu, akaambiwa achonge nyingine. Lakini pua pekee aliyowahi kuitazama kwa karibu na kwa muda mrefu ilikuwa ya Wies, ambaye ndio kwanza alikuwa akimchumbia. Akaichonga hiyo. Pua ikishakuwa pale, sehemu nyingine za uso nazo zikaanza kuifuata. Wakaoana, na kila majira ya baridi Nol akawa na wiki nzima peke yake na uso ule, naye anaongea na wenyewe haujibu.

"Nyumbani sipati nafasi ya kumaliza sentensi," alisema. "Hapa nilimalizia kwa brashi."

"Na haya makengeza ya themanini na nane?"

"Alirudisha gari kinyumenyume akagonga ukuta wa paroko. Akaniambia ukuta ndio uliosogea."

Pale juu ya jukwaa Imke Terpstra alicheka hadi akashika bomba asianguke. "Lazima niyaandike kwenye ripoti," alisema akifuta macho.

"Ripoti inasomwa na nani?"

"Ripoti zangu? Hakuna. Miaka kumi na mitano sasa, hakuna aliyewahi kuzisoma."

Bwana Lommers aliisoma yote kwa usiku mmoja.

Nol alilijua hilo kutoka kwenye bango lililobandikwa dukani kwa muuza mikate: Jumamosi alasiri, wanakijiji wote wanakaribishwa Krekeldonk kuona kazi inavyokwenda, pamoja na picha kumi na nane za uso wa malkia, kila moja kubwa kama mlango, na mwaka wake, na maelezo. Kahawa na keki ya cheri bure.

Alirudi nyumbani akamwambia Wies kwamba kutakuwa na hotuba ndefu. Siku ya pili akaanza kuchechemea. Wies hakushtuka kwa lolote kati ya hayo. Ndipo Nol, kwa kukata tamaa, akampigia simu Toos, dada wa Wies, akamwalika aje Jumamosi hiyo hiyo kunywa chai. Toos alikaa Tilburg, na Nol alikuwa amemkwepa kwa miaka kumi na mmoja.

"Umemwalika Toos?" Wies aliuliza akiweka sufuria chini. "Wewe? Kwa hiari yako, bila kulazimishwa?"

"Ni shemeji yangu."

"Kuna nini Jumamosi?"

"Hakuna kitu."

"Basi mimi na Toos tutakwenda kukitazama hicho hakuna kitu."

Wakaenda. Picha zilikuwa zimepangwa ndani ya hema kubwa mbele ya kasri, na nusu ya kijiji ilikuwa humo, midomo imejaa keki. Wies alipoingia, kelele zikakatika kama redio iliyochomolewa. Akaanzia picha ya kwanza, mkoba mkononi.

"Wies," Toos akanong'ona, "huyu ni wewe."

"Nyamaza."

"Lakini hii pua ni ya—"

"Nimesema nyamaza, Toos."

Wies akavaa miwani, akasoma maelezo kwa sauti ya kukatia tiketi. "Elfu moja mia tisa themanini na nane. Makengeza. Sababu: ukuta wa paroko." Akageuka kuwatazama watu. "Ulisogea, na nitasema hivyo mpaka kufa." Akaendelea. Mwaka wa tisini alikuwa na kidevu cha pili. Tisini na mbili, nyusi kama majani ya kitunguu. Akafika tisini na tatu, akasimama.

"Nol."

Nol alikuwa nyuma ya meza ya kahawa, amejikunja akitafuta kijiko ambacho hakikuanguka.

"Nol Verbakel, njoo hapa. Nilikuwa na masharubu?"

"Misimu miwili tu."

"Mbele ya watoto wa shule?"

"Wa chekechea pia."

"Kwa ajili ya njiwa!"

"Walikuwa kumi na wawili, Wies! Na yule wa kijivu alishika nafasi ya pili katika mbio za kuruka kutoka Orléans!"

"Alishika nafasi ya kwanza kunya juu ya mashuka yangu!"

Hapo hema likagawanyika. Wafuga njiwa walisema kwamba ndege wa Orléans hauzwi, tena bila kumuuliza mwenyewe. Wake zao wakawauliza ni nani anayefua mashuka. Lommers alizunguka na sahani ya keki akijaribu kuwatuliza, lakini wakala keki na kuendelea.

Wies hakuwa akiwasikiliza tena. Alikuwa mbele ya picha ya mwaka tisini na nane. Uso ule ulikuwa tofauti na mingine. Haukuwa na kasoro wala mzaha; mashavu yalipakwa kwa brashi nyembamba sana, wekundu juu ya wekundu, kama ya mtu aliyetoka sasa hivi nje kwenye upepo. Chini yake Imke alikuwa ameandika: Sababu haijulikani. Alimuuliza Nol mara mbili, na mara zote mbili Nol alitoka nje kuvuta sigara.

Wies alihesabu kwa vidole. "Huu si ule mwaka wa tumbo?"

Mwaka ule alilazwa Eindhoven wiki saba, na wiki nne kati ya hizo madaktari walikuwa wakimjibu Nol huku wakitazama sakafu.

"Ndio huo," Nol alisema. "Asubuhi nilikuwa kwako, mchana nakuja hapa. Kule ulikuwa mweupe kama ukuta, na hakuna nilichoweza kufanya. Hapa angalau rangi nilikuwa nayo mimi."

Wies alitoa leso, akapenga kwa kishindo, akairudisha mkobani. Akaushika mkono wa kulia wa Nol, ule wa brashi, akaugeuza na kuutazama pande zote mbili.

"Mjinga wewe," alisema, polepole.

Lommers, ambaye alinusa habari ya kuandikwa magazetini kwa mbali, akadaka kipaza sauti. Wageni waalikwa, akasema, kwa nini tusiubakize uso huu wa tisini na nane milele? Watu wakapiga makofi. Imke akasimama, amekunja mikono, akasema kazi aliyopewa ni ya mwaka 1961 na yeye hapambi harusi. Wakaanza kubishana.

"Mimi siulizwi?" Wies akasema, na hakuhitaji kipaza sauti. "Miaka arobaini na miwili nimesimama kwenye baridi ile, na panya, na balbu tumboni, bila mshahara wala likizo. Nitoeni!"

"Asante, mama," Imke akamwambia.

Wakamtoa. Ilichukua majira yote ya baridi, Imke upande wa kushoto na Nol upande wa kulia, kila mtu na pamba yake. Mwanzoni Nol alihisi anajichuna ngozi mwenyewe. Walipofika tisini na nane Imke alimwambia akapumzike nyumbani, akafunga mlango, akalibandua tabaka lile zima kwa kitambaa na gundi maalumu, kama wanavyobandua picha kwenye kuta za makanisa. Siku tisa. Kisha akampelekea Wies, limewekwa kwenye fremu. Wies alilitundika chooni, juu ya kalenda ya siku za kuzaliwa, ambayo huku kwetu hukaa humo. Kwingine kote, alisema, huwa haachwi atazame kitu kwa utulivu.

Masharubu yalipotoka Nol alitaniwa, akacheka. Chini kabisa ulikutwa uso wa 1961, mzuri, laini, kama wa msichana kwenye tangazo la sabuni. Katikati yake palikuwa na shimo. Imke akachonga pua mpya kwa kufuata picha ya zamani, kijipua kidogo kilichobinuka, akakipachika. Nol akasema kitu kuhusu bomba la hewa. Imke akajibu kwamba asili ni asili. Lommers akaja na kikombe chake kushuhudia jaribio, Nol akawasha pampu.

Pua ilichomoka, ikapita juu ya kipanya, ikatumbukia kwenye kahawa ya mkurugenzi. Mwezi ukabaki tumboni.

Wakaipachika kwa gundi kali zaidi. Safari hii ilimpata Lommers katikati ya paji la uso, akakaa chini ghafla bila kukusudia.

"Matundu ni madogo," Nol alisema. "Pampu hii ni ya ng'ombe. Inataka pua yenye nafasi."

Imke aliitazama ile pua ya kitaalamu sakafuni. Kisha akaenda kwenye sanduku alimohifadhi vipande vya zamani, akairudisha pua ya Wies mahali pake, akaipaka rangi ya 1961. Pampu ikawashwa. Malkia akapiga chafya kama ndama, mwezi ukaruka hadi darini. Kwenye ripoti Imke aliandika: Pua, si ya asili, haina mbadala.

Kasri lilifunguliwa majira ya kuchipua, na Lommers alimwandikia Wies barua rasmi, yenye mhuri, kwamba panya hawamo. Wies aliingia na Nol, wakapita vyumba sita bila haraka. Katika cha saba alisimama muda mrefu. Nyuma yake mama mmoja wa Rotterdam alikuwa akimwambia mumewe kwamba malkia ni mrembo kweli, ila pua ndiyo imemzidi.

Wies akageuka. Yule mama akamtazama malkia, akamtazama Wies, akamtazama tena malkia.

"Imemzidi nini?" Wies akasema. "Bila hiyo mngekuwa gizani mpaka leo."

Imke hakurudi Frisia. Lommers amempa nyumba ya sanamu za mbilikimo, humo humo bustanini, airekebishe, na Nol yuko naye siku tatu zile zile. Alhamisi Wies huja na sufuria ya supu ya njegere, kwa sababu, anasema, yule binti atakatika. Hukaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, huwaambia ni mbilikimo yupi hana adabu machoni, na wao husogea kidogo ili aone vizuri zaidi.