Mininga Iliyolala

Idara ya misitu ilimwajiri kufagia. Watu hulisahau hilo, maana alipofika miaka hamsini na minane kila mtu alimwita Mama Miche, hata mkwewe, hata matangazo ya ofisini. Lakini alianza na ufagio: ofisi tatu, korido moja, na choo ambacho mabwana misitu walikichafua kana kwamba wana ugomvi nacho. Siku moja fundi wa kitalu akaugua, mtu akatakiwa kumwagilia miche kwa wiki mbili, akatumwa yeye kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali kuchafua viatu vyake. Hakurudi tena kwenye ufagio. Cheo hakupewa, thubutu! Alipewa koti la kijani na ufunguo wa bomba.

Mti alioupenda kuliko yote ulikuwa mninga, na mninga ni mti wa kumtoa mtu machozi. Msitu wa asili nyuma ya kituo ulikwisha kwa milango na vitanda vya wenye nazo, ukabaki uwanda wa visiki. Yeye akajiapiza kwamba hastaafu mpaka auone umeanza kurudi. Maganda ya mbegu za mninga yana miiba katikati. Aliyapasua kwa kisu, moja moja, kwenye meza ya jikoni kwake, vidole vikitoka damu, binti yake akilalamika kwamba hakuna pa kuweka sahani. Katika mbegu kumi ziliota mbili. Zikiota tatu, Mama Miche alishinda akipiga mluzi siku nzima kama kichaa.

Ilimchukua miaka sita kuujaza ule uwanda, na hapo ndipo penye balaa lenyewe. Kiangazi kikiingia, shina la mche wa mninga hukauka lote na kuanguka, unabaki udongo mtupu. Mvua zikija unachipua upya, unafika magotini, kiangazi kinaukausha tena. Hivyo hivyo mwaka hadi mwaka, mpaka mzizi ushibe huko chini. Ukishiba, mti unainuka moja kwa moja na haurudi nyuma. Mama Miche aliyajua haya kwa kupiga magoti na kuchungulia, hakuyasoma popote. Mkuu wa zamani wa kituo naye aliyajua, au alimwamini tu, yote mamoja. Fomu ya idara ilikuwa na safu mbili, HAI na IMEKUFA. Kila kiangazi Mama Miche aliandika hai, mkuu akatia sahihi, wakaenda kunywa chai.

Kosa la Mama Miche ni hili moja: hakuwahi kuandika zaidi ya hapo. Hakuna barua, hakuna maelezo, hata mstari mmoja pembeni ya fomu. Alidhani anayejua atakuwepo siku zote.

Mkuu wa zamani akahamishwa. Mpya akaja kiangazi kimepamba moto, kijana mtanashati, ana haraka ya mtu anayesubiriwa mahali pengine. Akaingia uwandani na fomu mkononi, akazunguka, akaona nyasi zilizokauka na vijiti alivyochomeka Mama Miche kuonyesha kila mche ulipo.

"Mama, hapa pameandikwa miche mia nne na kumi na miwili, hai. Iko wapi?"

"Iko chini, mkuu. Imelala."

"Imelala." Akawageukia makarani wake wawili, nao wakacheka kwa adabu. "Nilishasikia wafanyakazi hewa. Leo nimeonyeshwa miche hewa."

Masikio yalimwaka Mama Miche. Miaka thelathini kazini, hajabeba nyumbani hata kiriba kimoja cha kupandia miche cha idara, leo anaitwa mwongo mbele ya watoto wa kuwazaa! Akapiga magoti kando ya kijiti kilichokuwa karibu, akachimba, akang'oa kwa mkono wake mwenyewe mche wa mwaka wa sita. Mzizi ukatoka mnene kama mpini wa jembe. Akaukwaruza kwa kucha, utomvu mwekundu ukachuruzika.

"Ona, mkuu. Mzima kabisa huu. Ungeinuka mvua hizi zijazo, au za mwakani."

Mkuu aliutazama bila kuugusa. "Mama, wafadhili wanakuja kuona msitu. Niwaonyeshe mizizi? Tunapanda mikaratusi, inakua haraka. Keshokutwa trekta linapita hapa."

Na trekta la idara liliendeshwa na nani? Na mkwewe, mume wa binti yake wa mwisho. Asubuhi ya siku ya kulima alikuja nyumbani kwanza, akasimama mlangoni, kiti akakikataa.

"Mama, nikigoma ataletwa mwingine, na mkataba wangu ndio basi tena. Lakini ukisema nisiende, siendi."

Chumbani mjukuu alikuwa analia, anataka kunyonya.

"Nenda, baba. Ila anzia upande wa mbali, nisisikie."

Alisikia tu, kutwa nzima.

Mvua, kwa ukorofi wake, zikawahi. Siku tisa baada ya trekta zilimwagika za kutosha, na wafadhili walipofika majuma machache baadaye walikuta mikaratusi imeshapandwa, imesimama kwa mistari, kijani, wakapiga picha. Pembeni palikuwa na lundo la mizizi iliyofukuliwa na jembe la trekta. Yote ilikuwa imechipua. Vijani vyekundu, vingi, juu ya mizizi isiyoshika chochote. Mgeni mmoja, mama wa makamo, akainama akauliza ni nini hiki.

Mama Miche akaitwa. "Mininga," akasema.

"Kumbe ilikuwa hai?" Mkuu alishangaa kwelikweli, hakuigiza, na hicho ndicho kilichomchoma Mama Miche kuliko yote. "Lo! Sasa mbona hukuniambia, mama?"

Mgeni alikuwa ameshafungua daftari. Jibu Mama Miche alikuwa nalo, limemjaa mdomoni. Lakini hatua chache nyuma, kando ya trekta, mkwewe alisimama ameinamisha kichwa, mkataba wake mpya bado haujatiwa sahihi na mkuu.

"Nilisahau, mkuu," akasema, na mgeni akaandika hivyo.