Bakuli la Juu ya Gunia

Mimi ni mtu wa nafaka. Nanunua mahindi na ndengu Zombe, nauza Kibwezi, na nyumbani ni Matinyani. Hata salamu naipokea baada ya kuigeuza nione upande wa pili. Kwa hivyo watu wa chuo kikuu walipokuja kanisani wakasema watatupimia mahindi bure, hilo neno "bure" lilininyima raha ya ibada nzima.

Walikuwa mhadhiri, mama mmoja mpole, na wanafunzi wake. Alieleza kwamba mahindi yakiwekwa na unyevu huota ukungu, na ukungu ule una sumu isiyotoka hata uchemshe sufuria kutwa. Kila nyumba ilete bakuli la mahindi inayokula, yachotwe juu, katikati na chini ya gunia.

Nikasimama. Nikiona bei haijatajwa huwa nasimama.

"Daktari, kuna wenzako walikuja hapa wakatuuliza umri, shamba na mbuzi. Tukajibu. Wakatupa soda, wakaenda na majibu yetu. Mpaka leo hatujui walipata nini."

"Sasa wewe unataka nini, mzee?"

"Mrudi. Mseme majibu hapa hapa, mbele ya watu, kwa Kikamba."

"Tunaweza kutuma kwa simu."

"Hapana, daktari. Mrudi."

Akacheka. "Haya, tutarudi. Lakini majibu ya mtu ni siri yake. Tutasoma ya anayekubali tu."

"Yangu someni ya kwanza!"

Watu wakapiga makofi. Nilienda nyumbani nikitembea kama mtu aliyenunua ng'ombe kwa bei ya kuku.

Sasa, mkono wangu unajua kuchota mahindi kwa njia moja tu: mazuri mdomoni mwa gunia, mengine yatajitetea yakifika kwa mnunuzi. Nikafungua gunia la kupeleka Kibwezi. Nikachota juu, nikapeperusha vumbi, nikatoa punje zilizovunjika, halafu nikachambua tena nisiaibike. Bakuli likang'aa. Haikunipitia akilini kwamba yule mama hakuwa mnunuzi.

Gunia tulilokuwa tukila ni lingine. Lilinyeshewa kwenye lori, na kwa kuwa hakuna mtu sokoni angelitazama mara mbili, nikalileta jikoni. Shule zilikuwa zimefungwa, wajukuu wako kwetu, na mke wangu alikuwa akiwapikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, karibu kila jioni.

Wakarudi kweli. Yangu yakasomwa ya kwanza: safi kabisa. Makofi. Nilikuwa nainuka kuwatajia watu bei wakati sauti ilipotoka kwenye benchi la akina mama. Ilikuwa ya mke wangu.

"Baba, waambie ulichota gunia gani."

"La... la soko."

"Na hawa watoto wanakula gani?"

Kisha jirani yangu akasema kutoka nyuma, "Aiya! Huyu ametapeli hata maabara!"

Walicheka mpaka pasta akashika mimbari. Nami nikacheka, hadi nilipowaona wajukuu wangu benchi la mbele, wakicheka pia.

Nikakimbia nyumbani, nikarudi nikihema na bakuli kutoka chini kabisa ya lile gunia. Kwa mara ya kwanza maishani niliponda mali yangu mwenyewe. "Daktari, nusa! Ona hii nyeusi. Hii hapa ni mbaya zaidi!"

"Mzee, nimekubali. Usiniuzie."

Jioni hiyo tulikula ndengu. Bakuli wakaenda nalo maabara, na hawakungoja Jumapili, daktari alipiga simu mwenyewe. Sumu imepita kiwango. Tusile, tusiuze, na watoto wapelekwe zahanati waangaliwe.

"Kuku je?"

"Hapana."

"Nikichanganya na mazuri?"

"Mzee."

"Basi nusu tu..."

"Mzee, kwangu hapa hakuna kupunguziwa."

Zahanati walisema watoto ni wazima, tuendelee kuwatazama. Watoto wenyewe waliuliza tu muthokoi umeenda wapi. Nikachimba shimo, mke wangu amesimama juu yangu kama askari. Nilipoyamwaga yale mahindi nikamwomba tubaki na gunia, maana bado lilikuwa zima. Akalinyakua akalitupa shimoni bila kunijibu.

Jumapili watu wa chuo wakaja tena, kusoma majibu na kupokea mabakuli ya nyumba zilizobaki. Nilitamani wasome yangu ya mwisho, au kwa Kiingereza. Lakini mapatano ni yangu mwenyewe, na mimi sijawahi kumruhusu mtu avunje mapatano. Yakasomwa ya kwanza, kwa Kikamba safi, sumu na yote.

Sikusikia kicheko. Nikageuka kumtafuta yule jirani yangu wa nyuma. Alikuwa anatoka mlangoni polepole, bakuli lake la mahindi meupe yaliyochambuliwa likiwa limefichwa ndani ya koti, anarudi nyumbani kuchota upya.