Taja Majina

Kila siku, saa kumi na mbili jioni ikikaribia, Zilpah hutoa sahani ya bati kabatini, huigeuza kifudifudi juu ya meza ya jikoni, kisha huweka simu yake juu yake. Simu ikitetemeka pale, sahani hupiga kelele kama mvua ya mawe juu ya mabati, na hata mtu akiwa bafuni au nyuma ya nyumba akianua nguo atasikia. Huiacha hapo hadi saa kumi na mbili na nusu. Hapiki, hawashi televisheni. Nusu saa ikiisha hurudisha sahani kabatini na kuanza kukata mboga. Simu haijalia, na anajua haitalia.

Nyumba yenyewe ni ya kupanga, Toongabbie, kitongoji cha Sydney, karibu na stesheni, vyumba viwili vya mtu mmoja. Zilpah ana miaka hamsini na tisa. Alikuja kutoka Vihiga miaka kumi na minane iliyopita, na tangu afike amefanya kazi ya kutunza wazee: kuwaogesha, kuwageuza, kuwainua. Kazi hiyo ilimpa mshahara, na kwa upande mwingine ikamchukulia goti la kulia.

Kabla goti halijaharibika alikuwa mtu wa milima. Yeye, Mwiti na wengine sita ndio walioanzisha klabu ya kupanda milima. Mwiti ni mhasibu kutoka Meru, mwenye nyumba kubwa Quakers Hill, na hakuna mkutano aliowahi kuumaliza bila kukumbusha watu kwamba alipokuwa mwanafunzi alifika kilele cha Lenana kwa viatu vya mpira. Jumamosi moja kila mwezi walikwenda Blue Mountains, wakashuka mabonde na kupanda ngazi za mawe, wakarudi jioni wakachoma nyama nyuma ya nyumba ya Mwiti. Wakenya wengi, Wakongomani wachache. Ukifika wiki ya nne bila kupanda, watu walisema, mwili unaanza kunuka ofisi.

Siku goti lilipogoma katikati ya ngazi, ilibidi wanaume wawili wambebe. Hakupanda tena. Lakini hakutaka kuachwa, kwa hiyo alijitwika kazi ambayo hakuna mtu aliyeitaka: mtu wa nyumbani. Klabu za wenyeji zote huwa na mtu wa namna hiyo. Ijumaa anapewa karatasi yenye majina ya wanaokwenda, namba za magari, njia watakayopita, saa ya kutoka porini na saa ya kupiga simu polisi wakikosa kusema wametoka. Zilpah alitandaza ramani mezani na kuwafuata kwa kidole. Sasa wako mtoni. Sasa wanapumzika penye mwamba. Hakuna aliyezijua njia zile kama yeye, ambaye hakuzikanyaga tena.

Alikuwa na sharti lake moja, kwa simu na kwenye kundi lao la WhatsApp, nalo liliwachosha watu.

"Anti, tumetoka wote."

"Wote ni nani? Taja majina."

"Ai, Anti! Tuko kumi na wawili, nimehesabu."

"Sikuomba hesabu. Taja."

Alikuwa na sababu. Miaka ya nyuma, kwenye nyumba ya wazee aliyokuwa akifanyia kazi, kengele ya moto ililia wakawatoa wazee uani. Msimamizi akahesabu vichwa: kumi na wanne, sawasawa. Zilpah akaanza kuita jina mojamoja, na alipofika kwa mzee fulani hakuna aliyeitika. Yule wa kumi na nne alikuwa mgeni aliyekuja kumwona mama yake. Mzee mwenyewe alikuwa ndani, amefunga mlango wa choo. Moto haukuwapo, ni mkate ulioungua, lakini Zilpah hakuiamini hesabu tena.

Mtu mmoja tu hakulalamika. Kalume alikuwa Mkongomani wa upande wa Bukavu, mjane, mfanyakazi wa ghala, akiishi Liverpool, upande mwingine wa jiji, na bintiye Nsimire. Alitembea nyuma ya wote kila mara, kwa hiari yake. Alisema anapenda kuona migongo ya watu. Akiiona, anajua wako. Na kila walipotoka porini, hata kama Mwiti ameshatuma ujumbe, Kalume alimpigia Zilpah mwenyewe.

"Mama Zilpah, ni miye. Tumeshatoka bote. Minakutajia?"

"Nitajie, Baba Nsimire."

Naye akataja, polepole, kama mtu anayesoma matangazo kanisani, na jina lake akaliweka mwisho. Siku moja Zilpah alimuuliza kama haoni ni usumbufu.

"Mama, siye tulitoroka vita, tukatembea mu musitu siku tisa," Kalume alisema. "Hakuna mutu hata moja alikuwa anatungojea fasi yoyote. Sasa mutu wa kuningojea iko. Namna gani nitamusahau?"

Kisha ikaja ile Jumamosi ya Agosti, miaka miwili iliyopita. Kalume alikuwa na zamu ghalani, hakwenda. Saa ya kutoka ilikuwa kumi, saa ya polisi ilikuwa kumi na mbili. Saa kumi kimya. Kumi na moja kimya. Zilpah alipiga simu ya Mwiti, ya Cheruiyot, ya kila aliyekuwa kwenye karatasi. Hakuna aliyepokea. Saa kumi na mbili kamili akapiga sifuri tatu, namba ya dharura, akasoma karatasi yake yote bila kukosea.

Wakati huo wote walikuwa Quakers Hill wakila nyama. Walitoka porini saa tisa. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshatuma ujumbe, simu ziko kwenye mabegi varandani, muziki uko juu. Helikopta ilikwisha kuruka wakati askari wawili waliposimama mlangoni kwa Mwiti, na majirani wakatoka mpaka kwenye nyasi zao kutazama Waafrika wamefanya nini.

"Umetumaliza, Anti," Mwiti alimwambia kwenye simu. "Helikopta! Kwa sababu ya watu wanaokula mbavu!"

"Hamkusema mmetoka."

"Si ungengoja kidogo? Sisi tunajijua. Mwafrika akisema saa kumi, wewe unaskia nini?"

"Nasikia saa kumi."

Nyuma ya Mwiti mtu alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichobaki. Tangu siku ile akawa Mama Helikopta. Kwenye harusi, kwenye siku ya kuzaliwa ya mtoto wa mtu, akichelewa kidogo kufika kulikuwa na mtu wa kusema, "Pigeni polisi, Mama Helikopta amepotea." Alicheka pamoja nao. Ungefanya nini?

Mkutano uliofuata walimshukuru kwa makofi, wakampa sweta yenye nembo ya klabu na cheo cha mlezi, na kazi ya mtu wa nyumbani wakampa Wekesa, kijana wa kompyuta, mpole, asiyependa kusumbua mtu. Sharti la majina likafutwa. Neno "tumetoka" kwenye kundi la WhatsApp lingetosha. Zilpah aliachwa kwenye kundi, maana mlezi hatolewi.

Kalume peke yake ndiye hakuacha. Kila safari, jioni, sahani ilinguruma mezani. "Mama Zilpah, ni miye. Minakutajia?" Zilpah alikuwa hana karatasi tena ya kulinganishia, lakini alisikiliza mpaka mwisho.

Julai mwaka huu klabu iliamua kwenda kwenye theluji. Mwiti alisema haiwezekani watu waitwe klabu ya mlima na hawajakanyaga mlima wenyewe, mrefu kuliko yote nchini. Walikuwa watu kumi, magari mawili ya viti saba saba. Wangelala Jindabyne, mji ulio chini ya mlima, siku mbili, Jumapili wapande kwa vile viatu vipana vya theluji vya kukodi, kisha waendeshe usiku kurudi Sydney maana Jumatatu ni kazi. Kalume alipiga Ijumaa kumwambia amepata koti la mtumba, jekundu, kubwa mno.

"Ukinitazama utasema ni mupiga tarumbeta wa kanisa," alisema akicheka.

Yaliyotokea yalijulikana baadaye, vipande vipande, kila mtu akitoa chake shingo upande. Wakiwa njiani kushuka mlima ukungu ulishuka mweupe kama theluji yenyewe, ikawa hujui ardhi inaishia wapi. Mtu alikuwa ameangusha fimbo yake ya kutembelea. Kalume akasema endeleeni, naichukua, ni hatua mbili. Walio mbele walikuwa wanaona baridi, wakaharakisha kwenye magari. Gari la Mwiti lilidhani Kalume amepanda kwa Cheruiyot. Gari la Cheruiyot lilidhani amepanda kwa Mwiti. Wakaondoka.

Saa kumi na mbili na dakika kumi, walipopata mtandao, Mwiti aliandika kwenye kundi: "Tumetoka wote salama. Mungu ni mwema. Theluji si mchezo!" Wekesa akajibu kwa dole gumba na kuwatakia safari njema. Zikafuata picha.

Zilpah alikuwa jikoni, ametoka kanisani mchana, simu iko juu ya sahani. Sahani ilinguruma kwa ujumbe huo, akainuka haraka akidhani ni Kalume. Akasoma. Akafungua picha ya mwisho, waliyopiga huko juu kabla ya kuanza kushuka, akaikuza kwa vidole viwili, akaita majina kwa sauti, peke yake jikoni. Tisa. Koti jekundu halikuwapo. Lakini Kalume ndiye hupiga picha mara nyingi, akawaza. Akaweka simu chini, akangoja. Kalume hakupiga.

Saa kumi na mbili na robo aliandika kwenye kundi: "Taja majina."

Hakutuma. Kidole kilikuwa juu ya ule mshale mdogo, na masikioni alikuwa ameshasikia majibu yote. Mama Helikopta amerudi! Anti, tulia, tuko barabarani. Alikumbuka sherehe ya wiki iliyopita, Mwiti akiwa ameshika sahani ya pilau na kumwambia mgeni, "Huyu mama mheshimu, ana namba ya rubani," na watu wakicheka mpaka kuegemeana. Alikumbuka jinsi alivyocheka na yeye. Akafuta herufi moja baada ya nyingine mpaka mahali pa kuandikia pakawa peupe.

Amelala garini, alijiambia. Simu yake imekwisha chaji. Saa kumi na mbili na nusu akarudisha sahani kabatini akapika sukuma.

Nsimire alikuwa na zamu ya usiku hospitalini. Aliporudi Jumatatu asubuhi alikuta kitanda cha baba yake kimetandikwa kama kilivyotandikwa Ijumaa. Akampigia Mwiti. Mwiti akampigia Cheruiyot. Halafu ndipo polisi, na helikopta, na safari hii hakuna aliyecheka. Walimpata alasiri ile ile, amekaa ameegemea mti mdogo uliopinda, hatua mia mbili kutoka kwenye nguzo za njia. Alikuwa ameshika fimbo ya yule mtu.

Kwenye mazishi Mwiti alisema Kalume alikuwa mtu wa milima na amelala mahali alipopapenda. Zilpah, benchi la nyuma, aliinamisha kichwa. Kalume hakupenda mlima wowote. Alipenda migongo ya watu.

Wekesa alijitoa kwenye kundi. Miezi miwili baadaye safari zikaanza tena, za pwani kwanza, na Mwiti akatangaza utaratibu mpya: kila mara watakapotoka, wataandika majina yote, moja moja. Alieleza kama jambo alilolifikiria mwenyewe. Watu wakamsifu kwa busara. Sasa kila safari orodha inakuja kwa wakati, safi, bila kasoro, na Zilpah huisoma mpaka jina la mwisho.

Nsimire alikuja Jumamosi moja ya Oktoba, jioni, bila kupiga simu kwanza. Zilpah alimfungulia akamwona amesimama na mkoba kifuani, msichana mwembamba wa miaka ishirini na miwili, ana macho ya baba yake. Walikuwa hawajazungumza tangu mazishi.

"Karibu, mwanangu. Keti. Chai?"

"Hapana, asante, Mama. Sitakaa." Kiswahili chake kilitoka kwa shida. Nyumbani baba alisema Kiswahili naye akajibu kwa Kiingereza, na sasa hakukuwa na wa kumsemesha. Lakini alikuwa amejiandaa, ilionekana. "Polisi walinirudishia simu ya Papa. Nilikuwa sijaifungua. Wiki hii nimeifungua."

Akaitoa mkobani, akaiwasha, akaiweka mezani kando ya ile sahani ya bati iliyogeuzwa. Kioo kilikuwa na ufa. Zilpah alivaa miwani. Ilikuwa orodha ya simu alizopiga, za Jumapili ile, zote zimeshindwa kutoka kwa kukosa mtandao. Ya kwanza ilikuwa sifuri tatu. Zilizobaki nne zilikuwa za jina moja. Mama Zilpah, saa kumi na moja na dakika arobaini. Mama Zilpah, saa kumi na moja na dakika hamsini na tano. Mama Zilpah, kumi na mbili na dakika nane. Mama Zilpah, kumi na mbili na robo.

Zilpah alisoma ile ya mwisho mara mbili. Akavua miwani.

"Hakunipigia mimi," Nsimire alisema. "Hakumpigia Mwiti. Nikajiuliza kwa nini wewe. Nikasoma kundi lenu, nikarudi nyuma, miaka yote. Kila safari unaandika taja majina, taja majina. Hata waliposema uache bado uliuliza mara mbili, tatu. Nikaelewa kwa nini alikupigia." Akatafuta maneno, akayapata. "Nina swali moja tu, Mama. Nikijibiwa nitakwenda. Jumapili ile, kwa nini hukuuliza majina?"

Majibu yalikuwapo. Zilpah alikuwa ameyapanga tangu Julai, akiyarudia kila siku kwa nusu saa mbele ya sahani. Kazi haikuwa yake tena. Mwiti alisema wote. Picha hupigwa na Kalume. Hata angeuliza, giza lilikuwa limeshaingia, na mlima uko mbali. Hapakuwa na uongo hata mmoja ndani yake. Aliutazama uso wa yule mtoto, akayaacha yote.

"Niliogopa kuchekwa," alisema.